Marconi: Mwana wa mwenye mashamba aliyeanza na nyaya darini

JINA la Guglielmo Marconi hutajwa shuleni kama la mtu aliyevumbua redio. Wachache tu ndio wanaofahamu kwamba Mtaliano huyo alianza akiwa kijana wa nyumbani asiye na shahada wala kazi, akishinda darini na nyaya huku baba yake akiona ni upotevu wa wakati.

Leo, zaidi ya miaka 80 baada ya kifo chake, njia aliyopita ndiyo inayopitwa na kila anayejiunga na redio ya ridhaa. Hayo ni mawasiliano ya redio yafanywayo na watu binafsi kwa mapenzi yao, bila malipo na bila biashara. Mhusika huketi nyumbani kwake na mtambo wake, akaita hewani, kisha akaitikiwa na mtu asiyemjua, pengine katika bara jingine.

Kwa kijana wa Kachibora, katika eneobunge la Cherangany, kaunti ya Trans Nzoia, habari za maisha ya Marconi zina maana ya pekee. Mvumbuzi huyo naye alilelewa shambani, mbali na maabara za miji mikuu, na jaribio lililomfungulia milango lilihusu kilima kilichokuwa mbele ya nyumba yao.

Malezi ya shambani

Marconi alizaliwa mjini Bologna, kaskazini mwa Italia, mnamo Aprili 25, 1874. Baba yake, Giuseppe Marconi, alikuwa mmiliki wa mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alitoka Ireland, katika ukoo wa Jameson uliosifika kwa kutengeneza wiski.

Sehemu kubwa ya ujana wake ilipita katika jumba la familia lililoitwa Villa Griffone, katika kijiji cha Pontecchio, nje ya Bologna. Masomo yake hayakufuata mkondo wa kawaida. Alifundishwa na walimu wa nyumbani, na hakuwahi kuwa mwanafunzi rasmi wa Chuo Kikuu cha Bologna.

Hata hivyo, hakukosa watu wa kumwongoza. Alipokuwa Livorno alijifunza herufi za Morse, ile lugha ya nukta na vistari, kutoka kwa mzee aliyewahi kufanya kazi ya telegrafu na ambaye macho yake yalikuwa yamefifia. Baadaye Profesa Augusto Righi, mtaalamu wa fizikia aliyekuwa jirani yao, alimruhusu kuhudhuria mihadhara yake na kutazama vifaa vya maabara.

Mnamo 1894, Mjerumani Heinrich Hertz aliaga dunia akiwa na umri wa miaka 36. Hertz ndiye aliyekuwa amethibitisha, miaka michache kabla, kwamba cheche ya umeme hutoa mawimbi yasiyoonekana yanayosafiri hewani. Marconi, akiwa na umri wa miaka 20 tu, alisoma makala ya kumkumbuka Hertz, na tangu hapo wazo moja likamkaa moyoni: kwamba mawimbi hayo yangeweza kubeba ujumbe pasi na waya.

Wazo hilo halikuwa lake peke yake. Oliver Lodge wa Uingereza, Édouard Branly wa Ufaransa na wengine walikuwa wakichunguza mawimbi hayo hayo. Tofauti ni kwamba wengi wao waliyatazama kama somo la darasani, ilhali Marconi aliyatazama kama chombo cha kutumika.

Darini kwa viwavi wa hariri

Mama yake alimpa nafasi juu darini, mahali palipokuwa pakitumika kufugia viwavi wa hariri. Hapo ndipo alipokusanya betri, koili, vipande vya shaba na kibomba cha kioo kilichotiwa vumbi la metali. Kibomba hicho ndicho kilichokuwa sikio la mtambo wake: wimbi lilipofika, vumbi lilishikamana na kupitisha umeme.

Kila kifaa kati ya hivyo kilikuwa kimebuniwa na mwingine. Kazi ya Marconi ilikuwa kuvirekebisha, kuvijaribu upya, kuharibu na kuanza tena. Usiku mmoja mwishoni mwa 1894 alimwamsha mama yake na kumwonyesha kengele iliyolia upande wa pili wa chumba bila kuunganishwa na waya wowote.

Baba yake hakufurahia. Machoni pake, kijana wa rika hilo alipaswa kuwa na shughuli ya maana. Ni mjadala ambao wazazi na vijana wengi wa mashambani, kutoka Kitale hadi Bungoma, wangeutambua mara moja.

Katika kiangazi cha 1895 Marconi aliuhamishia mtambo wake nje. Huko ndiko alikogundua jambo lililobadilisha kila kitu. Alipoinua kipande cha metali juu ya mlingoti na kuzika kingine ardhini, umbali wa mawimbi uliongezeka mno kuliko alivyotarajia. Waya ulioinuliwa juu na waya uliozikwa ardhini, ambavyo leo kila fundi wa redio huviona kuwa vya kawaida, vilianza kutumika kwa namna hiyo kijijini Pontecchio.

Kilichobaki kilikuwa kilima. Ujumbe wa kuonana macho kwa macho ungeweza kutumwa hata kwa bendera, kwa hivyo mtambo usioweza kuvuka kilima haungekuwa na faida kubwa. Marconi alimtuma kakaye, Alfonso, upande wa pili pamoja na kipokezi na bunduki. Mawimbi yalipofika, umbali wa takriban kilomita mbili na nusu, Alfonso alifyatua risasi hewani. Mlio huo ndio uliomjulisha mdogo wake kwamba kilima kilikuwa kimevukwa.

Baada ya ushahidi huo, baba mtu alilegeza msimamo na kutoa fedha.

Safari ya Uingereza

Mapema 1896 Marconi na mama yake walielekea London. Uingereza ilikuwa na meli nyingi kuliko taifa lolote, na meli ikishaondoka bandarini haikuwa na njia ya kuzungumza na nchi kavu. Binamu yake, Henry Jameson Davis, alimsaidia kupata wanasheria na wafadhili, na mnamo Juni 2, 1896, aliwasilisha ombi la hataza ya mtambo wake. Alikuwa na umri wa miaka 22.

William Preece, mhandisi mkuu wa idara ya posta ya Uingereza, alimfungulia milango ya majaribio ya hadhara. Mnamo Mei 1897 ujumbe ulivuka maji ya ghuba ya Bristol, kutoka kisiwa cha Flat Holm hadi Lavernock, Wales. Julai mwaka huo kampuni yake ikaundwa. Mnamo Machi 1899 mawimbi yalivuka bahari kati ya Ufaransa na Uingereza.

Kisha likaja jaribio kubwa zaidi. Mnamo Desemba 12, 1901, Marconi alikuwa St. John's, Newfoundland, upande wa Amerika wa Bahari ya Atlantiki. Upepo mkali ulikuwa umewatatiza wasaidizi wake, hivyo waya wa kupokelea ukainuliwa kwa tiara. Akiwa ameweka kisikizi sikioni, alisema amesikia nukta tatu, yaani herufi S, zilizorushwa kutoka Poldhu, Cornwall, umbali wa zaidi ya kilomita 3,000.

Hadi leo wapo wataalamu wanaotilia shaka alichosikia, kwani mchana si wakati mzuri wa kusafirisha mawimbi ya aina ile kwa umbali huo, na hakukuwa na kumbukumbu ya mashine. Lakini mwaka uliofuata alithibitisha kwa maandishi ya mashine, akiwa melini, kwamba mawimbi husafiri mbali zaidi usiku kuliko mchana. Kila anayefungulia redio ya masafa mafupi jioni huko Trans Nzoia hukutana na ukweli wa aina hiyo bila kujua jina la aliyeuandika.

Mnamo 1909 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Mjerumani Karl Ferdinand Braun.

Usiku wa Aprili 14, 1912, meli ya Titanic iligonga mwamba wa barafu. Waliotuma wito wa msaada walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya Marconi, Jack Phillips na Harold Bride. Zaidi ya watu 1,500 walikufa, Phillips akiwa miongoni mwao. Takriban 700 waliokolewa kwa sababu meli ya Carpathia iliusikia wito huo.

Redio yafika Afrika Mashariki kwa vita

Afrika Mashariki iliionja nguvu ya mawasiliano hayo kwa njia chungu. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, mojawapo ya mambo ya kwanza yaliyolengwa na Waingereza katika pwani ya iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuwa kituo cha redio cha Dar es Salaam, mnamo Agosti 1914.

Mnamo Juni 1915 kikosi cha Waingereza kilivuka Ziwa Victoria kutoka Kisumu na kuvamia Bukoba, lengo kuu likiwa kuharibu kituo cha redio kilichokuwa huko. Hivyo, miaka 20 tu baada ya risasi ya Alfonso, mlingoti wa redio ulikuwa tayari ni kitu cha kupiganiwa.

Mabwana wa mawimbi mafupi

Wakati huo Marconi alikuwa tajiri na mashuhuri, lakini kulikuwa na kosa kubwa katika hesabu zake. Aliamini, kama wataalamu wengi wa zama zake, kwamba kadiri wimbi linavyokuwa refu ndivyo linavyofika mbali. Kwa imani hiyo, kampuni yake na serikali mbalimbali zilitumia mali nyingi kujenga vituo vikubwa vyenye milingoti mirefu na mashine za umeme mwingi.

Kwa wapenzi wa redio ya ridhaa, ambao idadi yao ilikuwa ikiongezeka Marekani na Ulaya, yalibaki makombo. Sheria ya Marekani ya 1912 iliwasukuma kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini, ambayo yalidhaniwa hayafai kwa safari ndefu. Wakati wa vita walinyamazishwa kabisa.

Waliporudi hewani, makombo hayo yaligeuka karamu. Mnamo Desemba 1921, Paul Godley wa Marekani alipiga hema Ardrossan, Scotland, akanasa mawimbi ya wenzake kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Novemba 1923, Léon Deloy wa Nice, Ufaransa, alizungumza kwa Morse na Fred Schnell wa Marekani, kila mmoja akimjibu mwenzake.

Mnamo Oktoba 18, 1924, Cecil Goyder, kijana wa miaka 18 katika shule ya Mill Hill jijini London, alifanya mawasiliano na Frank Bell, mfugaji wa kondoo nchini New Zealand, karibu upande wa pili wa dunia. Mmoja alikuwa mwanafunzi na mwingine mtu wa shambani. Mitambo yao ilikuwa na nguvu ndogo mno ikilinganishwa na vituo vikubwa vya kibiashara.

Siri ilikuwa juu angani. Mawimbi mafupi hupaa, yakafika kwenye tabaka la hewa lililochajiwa na miale ya jua, kisha yakarudi ardhini mbali sana. Kwa mtindo huo milima haiwi kizuizi, kwani wimbi hupita juu yake.

Marconi hakuwa mtu wa kung'ang'ania kosa. Akiwa katika meli yake, Elettra, aliyoigeuza kuwa maabara, alishirikiana na mhandisi Charles Franklin kuyachunguza mawimbi mafupi upya mnamo 1923. Mwaka uliofuata kampuni yake iliingia mkataba na serikali ya Uingereza wa kujenga vituo vya mawimbi mafupi, na kati ya 1926 na 1927 vituo hivyo viliunganisha London na Canada, Australia, Afrika Kusini na India kwa gharama ndogo kuliko mpango wa awali. Baadaye alikiri hadharani kwamba yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowapeleka watu kwenye njia isiyofaa ya mawimbi marefu.

Doa la Ethiopia

Sifa hizo zina doa ambalo msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kulipuuza. Marconi alijiunga na chama cha Kifashisti cha Benito Mussolini mnamo 1923, na mnamo 1930 akateuliwa kuongoza taasisi kuu ya wasomi wa Italia chini ya utawala huo.

Italia ilipoivamia Ethiopia mnamo Oktoba 1935, Marconi alitumia jina lake kuutetea uvamizi huo nje ya nchi. Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilimnyima nafasi ya kuzungumza hewani kuhusu suala hilo. Mtu aliyewawezesha watangazaji kuwepo alifungiwa kipaza sauti.

Katika vita hivyo majeshi ya Italia yalitumia hata gesi ya sumu. Addis Ababa ilitekwa Mei 1936, Maliki Haile Selassie akaenda uhamishoni, na wakimbizi wakamiminika Kenya. Vijana wa Kenya waliokuwa katika King's African Rifles walishiriki kuwafukuza Waitaliano mnamo 1941. Marconi hakuyaona hayo, kwani alikuwa ameshafariki.

Alikufa kwa maradhi ya moyo jijini Roma mnamo Julai 20, 1937, akiwa na umri wa miaka 63. Vituo vya redio katika nchi nyingi vilizima mitambo kwa dakika mbili kumwomboleza.

Walichorithi wanaoanza

Anayetaka kuanza redio ya ridhaa leo hahitaji dari wala viwavi wa hariri, lakini hatua ni zile zile: kusikiliza, kupata mwelekezi, kuinua waya, kisha kuita.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza. Redio inayoweza kupokea masafa mafupi na sauti za aina ya mkondo mmoja, ambazo redio ya kawaida huzitoa kama mlio wa bata, humtosha anayeanza. Wapenzi wa ridhaa wa eneo hili la dunia husikika, miongoni mwa sehemu nyingine, kati ya megahezi 7.0 na 7.2. Mchana sehemu hiyo hufaa kwa mamia ya kilomita, kwa mfano kati ya Kachibora na Nairobi. Usiku hufika mabara mengine.

Hatua ya pili ni waya. Kwa masafa hayo, antena iliyo rahisi kuliko zote ni waya wa shaba wa jumla ya mita 20, uliokatwa katikati na kuwa mikono miwili ya mita 10, ukafungwa juu ya miti miwili au mlingoti. Betri ya volti 12 kama ya gari huweza kuendesha mitambo mingi ya aina hii, jambo la manufaa mahali ambapo umeme hukatika.

Mahali penyewe pana tabia zake. Kachibora iko kwenye miinuko, Milima ya Cherangany ikiwa jirani na Mlima Elgon ukiwa ng'ambo ya Kitale. Redio ndogo za mkononi, ambazo mawimbi yake husafiri kwa mstari ulionyooka, huzuiwa na milima hiyo. Mawimbi mafupi hayazuiwi. Hata redio hizo ndogo zina nafasi yake, kwani Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kinapopita juu hurusha mawimbi ya ridhaa kwenye megahezi 145.8, na hakuna kilima kati ya mbingu na uwanja wa shule.

Kuna tahadhari moja isiyopuuzwa. Magharibi mwa Kenya hupata radi nyingi, na waya ulioinuliwa juu huweza kuleta umeme wa radi nyumbani. Waya huchomolewa kutoka kwenye mtambo na kuachwa nje mawingu yanapoanza kutanda, wala haupitishwi karibu na nyaya za umeme.

Hatua ya kuita ndiyo inayohitaji sheria. Kurusha mawimbi nchini bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ni kosa. Mwenye leseni hupewa alama yake ya wito, ambayo kwa Kenya huanza na 5Z4. Enzi ya ukoloni ilikuwa VQ4. Majirani wa Uganda huanza na 5X na wa Tanzania 5H, hivyo anayesikiliza hujua mara moja sauti inatoka wapi.

Leseni hiyo hairuhusu biashara, matangazo ya muziki wala ujumbe wa siri. Hewa ni mali ya wote, na kila neno hutamkwa kana kwamba dunia nzima inasikiliza. Kwa kuzingatia yaliyotokea Ethiopia, hilo ni sharti ambalo hata Marconi angefaa kukumbushwa.

Kwa wazazi wanaomwona mtoto akikusanya nyaya na betri kuukuu badala ya kwenda kuchezea pengine, historia hii ina jambo dogo la kuwaambia. Giuseppe Marconi alingoja hadi bunduki ilipolia upande wa pili wa kilima ndipo akatoa fedha. Annie Jameson alitoa chumba kabla hakijasikika chochote.